Uzoefu wangu na akina Poirot: Suchet, Ustinov, Finney, Branagh na Malkovich

Watu wakibishana kuhusu nani Poirot bora, ubishi huishia kwenye sharubu. Mimi sharubu hazininyimi usingizi. Kwa mwigizaji yeyote anayevaa nafasi ya Hercule Poirot, yule mpelelezi wa vitabuni, naangalia jambo moja: je, washukiwa wanamdharau?

Poirot wa mwandishi wa riwaya Agatha Christie ni mkimbizi. Aliingia Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia pamoja na Wabelgiji wenzake waliokimbia uvamizi wa Wajerumani, na tangu hapo Waingereza wanamwona kijitu cha kuchekesha: mfupi, kichwa umbo la yai, viatu vinang'aa kupita kiasi, Kiingereza kimepindapinda. Wanamwita Mfaransa, naye anawasahihisha kila mara kwa adabu ile ile. Katika riwaya mojawapo anakiri kwamba Kiingereza safi anakijua sana. Anakivunja kwa makusudi, kwa sababu Mwingereza akisikia mgeni anababaika humdharau, na akishamdharau halindi ulimi mbele yake. Kwangu hiyo ni silaha kali kuliko hizo seli za kijivu za ubongo anazojisifia. (Msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kuguna akisikia habari za Mbelgiji anayeonewa. Namwelewa kabisa.)

Nianze na David Suchet, maana ndiye niliyemtolea pesa. Nilinunua kasha zima la DVD la mfululizo wa ITV, kituo cha televisheni cha Uingereza, la mtumba, kwa muuzaji wa mtandaoni. Ni vipindi 70, vilivyorushwa kuanzia 1989 hadi 2013. Diski moja ilifika ina mikwaruzo, ikawa inaganda pale pale Poirot anapokusanya watu ukumbini kumtaja muuaji. Muuzaji alinirudishia sehemu ya pesa baada ya kuvutana naye kidogo. Picha za misimu ya kwanza zina chengachenga ukizitazama kwenye televisheni kubwa, lakini maandishi ya Kiingereza chini ya picha yapo, na yananifaa sana kwa sababu Inspekta Japp, yule polisi wa London, akianza kufoka maneno yananipita.

Kipindi cha kwanza kabisa kinatosha kukuonyesha kazi ya Suchet. Mama mmoja wa Clapham, zama hizo mtaa wa watu wa kipato cha kawaida huko London, anamfuata Poirot amtafutie mpishi wake aliyetoweka. Poirot anajiona ametukanwa: yeye, mtu wa kesi za mabalozi na mabenki, atafute mpishi? Yule mama hatishiki. Anamwambia kwamba mpishi mzuri akipotea, kwa mtu kama yeye ni hasara sawa na lulu za bibi tajiri. Mtazame Suchet hapo. Uso umekaza kwa hasira, kisha kidogo kidogo macho yanaanza kucheka, na anayemcheka ni nafsi yake mwenyewe. Anaichukua kazi. Baadaye yule mama anambadilikia na kumlipa ginea moja tu (zaidi kidogo ya pauni moja), ili amwondoe. Poirot anaitia hundi ile kwenye fremu na kuitundika ukutani, imkumbushe asidharau kesi ndogo. Yeyote aliyewahi kukaa nyumba ambayo dada wa kazi ameondoka asubuhi bila kuaga atamwelewa yule mama kuliko atakavyowaelewa mabalozi.

Suchet alijiandalia orodha ya tabia 93 za Poirot alizozichota kwenye vitabu: anatia sukari kiasi gani kwenye kinywaji, anachukia nini, anakaaje. Ile hatua yake fupi ya haraka ameeleza kwamba aliipata kwa kufanya mazoezi huku amebana sarafu kwenye makalio. Mama mkubwa, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza, alimtazama dakika chache akasema, "Huyu anatembea kama bi harusi aliyeogopa kukanyaga gauni." Nikamwambia habari za sarafu. Akacheka mpaka akaondoa miwani, na tangu siku hiyo hataki Poirot mwingine.

Misimu ya kwanza ina raha yake: rafiki yake Hastings wa Hugh Fraser na gari lake, Japp wa Philip Jackson, katibu wake Bi Lemon wa Pauline Moran na mafaili yake, na lile jengo jeupe la ghorofa ambalo kweli lipo London, Florin Court. Halafu kwa miaka mingi hao watatu wanapotea, utani unapungua, na Poirot anakuwa mtu wa rozari na uchungu. Kile kipindi cha mwaka 2010 cha treni ya Orient Express wapo wanaokitukuza. Mimi naona Suchet anaigiza vizuri ajabu ndani ya hadithi iliyokazwa mno. Poirot anayefoka kwa imani yake ni mtu wa kuogopwa, na aliyekwisha kukuogopa hawezi tena kukudharau.

Kwa mwili, Peter Ustinov si Poirot hata kidogo. Ni jitu refu, pana, nywele hazimtulii. Hata hivyo, ukinipa jioni moja na filamu moja, nachukua "Death on the Nile" ya 1978. Ustinov amegundua mlango mwingine wa kuingilia: dharau anayoipata yeye ni ile anayopewa mzee mnene, mcheshi, anayependa kula. Matajiri ndani ya meli wanazungumza siri zao hatua mbili kutoka kwake kana kwamba ni samani. Na kila anayemzunguka ni mwigizaji mzito: Bette Davis, Maggie Smith, Mia Farrow, Angela Lansbury, David Niven. Pana tukio la nyoka aina ya swila ndani ya chumba cha Poirot melini. Ustinov hasogei. Anagonga ukuta taratibu kwa kidole kumwita rafiki yake aliye chumba cha pili, jasho linamtoka, na macho bado yana heshima, kana kwamba hataki kumwudhi yule nyoka. Filamu ilipigwa Misri kwenyewe, na mavazi yake yalimpa Anthony Powell tuzo ya Oscar.

Zile filamu za televisheni alizofanya miaka ya 1980 ziruke tu. Waliihamishia hadithi kwenye zama hizo hizo za 1980, Poirot anahojiwa na mtangazaji David Frost kwenye televisheni. Nimeitazama moja, ya 1985, kwa sababu Inspekta Japp humo ni David Suchet mwenyewe, miaka minne kabla hajapewa sharubu. Suchet amesema wazi kwamba haionei fahari kazi ile.

Albert Finney, 1974, katika "Murder on the Orient Express", hadithi ile ile ya treni. Alikuwa hajafika miaka arobaini, wakampaka vipodozi mpaka akazeeka, nywele zimelazwa kwa mafuta, shingo imezama mabegani. Agatha Christie aliipenda filamu ile kwa jumla. Kwangu Finney ana kelele. Hotuba ya mwisho ndani ya behewa ni ndefu na anaibeba kwa nguvu kubwa, ila lafudhi inanichosha masikio. Hakurudi tena, kwa kuwa hakutaka kuubeba uzito wa vipodozi vile kwenye joto la Misri, na ndivyo Ustinov alivyopata nafasi. Sina neno zaidi kuhusu Finney.

Kenneth Branagh ndiye aliyenigharimu tiketi ya sinema. Filamu ya 2017, tena ya treni ile ya Orient Express, inaanza Jerusalem na kichekesho kizuri sana: Poirot anakanyaga kinyesi kwa kiatu kimoja, anatafakari, kisha anakanyaga na cha pili ili miguu iwe sawasawa. Nikasema haya, tumepata mtu. Baada ya hapo anakimbiza mshukiwa kwenye ngazi za daraja, watu wote wanajua jina lake, na zile sharubu za tabaka mbili zinafika kabla yake. Ya 2022, "Death on the Nile" yake, inatupeleka kwenye mahandaki ya vita kutueleza kwa nini anafuga sharubu, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza. Na mto Nile wake, uliotengenezwa kwa kiasi kikubwa studio Uingereza na kompyuta, una rangi za kalenda ya benki. Aliyewahi kuuona mto huo hata pale Jinja tu atajua maji hayang'ai hivyo. Ile ya Venice, 2023, imetulia zaidi, gizagiza, na Branagh ndani yake amechoka vizuri. Ndiyo pekee kati ya tatu ninayoweza kuirudia.

John Malkovich alinishangaza. Hana sharubu za kupinda, ana kidevu chenye ndevu nyeupe, na lafudhi yake karibu haipo. Wapenzi wa Christie walimrarua. Lakini "The ABC Murders" ya BBC, 2018, imewekwa mwaka 1933, mitaani kuna mabango ya mafashisti wa Kiingereza dhidi ya wageni, na Inspekta kijana aliyechezwa na Rupert Grint hamwamini kabisa. Huyu ni mkimbizi aliyezeeka ndani ya nchi iliyochoka kumwona. Dharau hapa si ya kucheka tena, imekuwa chuki, na Malkovich anaimeza kimya kimya bila kujitetea. Historia mpya waliyombunia kuhusu maisha yake ya Ubelgiji siipendi, inampunguzia Poirot kuliko inavyomwongezea. Ila ni sehemu tatu tu, wikendi moja inatosha.

Ukinunua kasha la Suchet, anza na yule mpishi wa Clapham kisha fuata misimu ya mwanzo. Diski ya mwisho, ile ya Poirot kwenye kiti cha magurudumu, usiiweke mapema hata ukishawishiwa na nani, na kabla hujalipa mwombe muuzaji akupigie picha upande wa chini wa kila diski.