Fundi Aliyelicheka Daftari Langu la Mafuta

Tangu nianze kwenda kazini Gede kwa pikipiki nimeudhiwa na mafundi wengi, lakini hakuna aliyeniudhi kama yule aliyelichukua daftari langu la mafuta, akalifunua kwa vidole vilivyojaa grisi, akalisoma kwa sauti mbele ya vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja kuzibiwa tyubu, kisha akanirudishia huku akisema: "Mzee wangu, pikipiki inakwenda kwa petroli, haiendi kwa kalamu." Vijana wakaangua kicheko. Alama ya kidole chake ingali pale kwenye ukurasa, juu ya hesabu za mwezi ule, na kila nikiiona damu hunichemka upya. Gereji yake iko hapa hapa Malindi na sitaitaja jina, kwanza kwa sababu hainihusu kumharibia mtu riziki, na pili kwa sababu ambayo itaonekana mbele, nami naiandika bila furaha.

Mimi ni karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, mabati na saruji hupita mikononi mwangu kwa hesabu, na kitu kikitoka bila kuandikwa sipati usingizi. Ndiyo maana nilipoipata pikipiki hii, ambayo ni ya kawaida kabisa, ile ile mnayoiona kila kona ikibeba magunia na wanafunzi, niliifungulia daftari siku ya kwanza. Nyumbani kwangu ni Muyeye, na kutoka mlangoni mpaka dukani ni kilomita 17 na nusu, njia ya kupita uwanja wa ndege na Msabaha. Kwenda na kurudi ni kilomita 35 kila siku ya kazi, na barabara ile naijua kama ninavyoijua sakafu ya nyumba yangu.

Watu wengi hapa hununua petroli kwa shilingi. Humwambia mhudumu atie ya mia mbili au ya mia tatu, wakaenda zao, kisha baada ya wiki mbili wakalalamika kwamba pikipiki imeanza kula mafuta, ilhali hawajui walitia lita ngapi. Bei yenyewe hutangazwa upya na EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia bei za mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo mia tatu ya wiki hii huenda isiwe mia tatu ya wiki ijayo. Mimi huhesabu lita. Huisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, si ile ya pembeni, kwa kuwa ikilala upande tangi hudanganya, hujaza mpaka shingoni, huandika namba ya kilomita kwenye mita ya pikipiki, kisha huenda zangu mpaka itakapohitaji tena. Nikijaza mara ya pili, lita zilizoingia ndizo zilizotumika, na kilomita zilizoongezeka nazigawa kwa lita hizo. Wahudumu huchukizwa na ujazaji huu wa polepole, nami nawaelewa, lakini siuachi. Kwa muda mrefu daftari lilisema jambo lile lile: kilomita 322 kwa lita 7, yaani 46 kwa kila lita, ikipanda kidogo au kushuka kidogo.

Siku moja, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likiwa limekwisha shika, niliipeleka pikipiki kwa fundi huyo ikafanyiwe sevisi nzima. Nilitaka oili ibadilishwe, tapeti, yaani nafasi za vali za injini, zipimwe, filta ya hewa ioshwe, cheni ikazwe na brekishu za mbele, yaani viatu vya breki, zitiwe mpya kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zikilia kama paka. Hapa lazima nimtendee haki. Injini ilitoka mikononi mwake ikiwa kimya kama haimo, ilishika kwa kiki moja alfajiri, na cheni, ambayo kwa chumvi ya upepo wa bahari huota kutu usiku mmoja ukiisahau, aliiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka oili nzito pini kwa pini. Nililipa bila kunung'unika, na hata bakshishi nilimpa. Laiti ningeizuia ile bakshishi.

Tangi la kwanza baada ya sevisi lilinipa 38 kwa lita. Nilidhani nimekosea kuandika. Tangi la pili likanipa 37. La tatu likawa 35, na hapo sikuwa tena na mashaka kwamba nimefanyiwa jambo. Nililaumu kwanza kusi, kwa sababu asubuhi nikielekea Gede linanipiga kifuani, lakini jioni linanisukuma mgongoni, na kwa vyovyote kusi la miaka iliyotangulia halikuwahi kuninyang'anya kilomita kumi na moja katika lita moja. Nililaumu upepo wa matairi, nikaujaza. Nilimlaumu, Mungu anisamehe, binti wa kituo cha mafuta ambaye hajawahi kunikosea, nikahamia kituo kingine nikiwa nimenuna, na hesabu ikawa mbaya vile vile. Mwisho nikafungua plagi mwenyewe, nikitarajia kuikuta nyeusi kwa masizi, dalili ya kabureta inayomwaga petroli kuliko hewa. Ilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ya biskuti, ambayo kila anayejua pikipiki atawaambia ni rangi ya afya. Ningekuwa na akili timamu ningesimama hapo nikafikiri. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimekwisha amua kwamba fundi ameichezea sindano ya kabureta ili kuipa pikipiki nguvu ya kubeba abiria watatu, kama wanavyopenda wateja wake.

Nikaenda na daftari. Nilimweleza kwa upole, au nilivyoona mimi kuwa ni upole, kwamba kabla ya mkono wake nilikuwa napata 46 na baada ya mkono wake napata 35, na kwamba namba hazina chuki na mtu. Hakuigusa kabureta wala hakuinama kuitazama pikipiki. Aliipiga kiki, akaisikiliza kidogo akiwa ameinamisha kichwa, akaizima, akasema, "Hii haili mafuta." Nikamwambia daftari linasema inakula. Ndipo akalinyakua, akasoma, akatoa ile kauli ya kalamu. Nilipomwambia kwamba mimi ni mkubwa wake kwa umri na sikuja kuchekwa, alinijibu kwamba kama nina fundi anayetengeneza madaftari nimpelekee. Niliondoka pale masikio yakiwaka, na kuanzia siku ile kila aliyeniuliza habari za gereji ile nilimwambia aikwepe kama anavyokwepa shimo. Nadhani niliwazuia watu wasiopungua watano.

Aliyenifumbua macho ni mke wangu, ambaye hakuwahi kuishika spana maishani. Yeye hukaanga mahamri ya kuuza na ndiye anayeweka hela za mafuta katika kopo la maziwa ya unga. Usiku mmoja, nikiwa naisimulia upya dhuluma yangu, aliniuliza swali dogo: kama pikipiki inakula zaidi, mbona hela ninazotoa koponi ni zile zile, na siku ninazozitoa ni zile zile? Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Baba watoto, mimi nikihesabu mahamri nikayaona machache, na unga ni ule ule, na walaji wameshiba vile vile, siushiki unga. Namtafuta aliyehesabu."

Nililifungua daftari kwa hasira ili nimwonyeshe, nikajionyesha mwenyewe. Tarehe zilikuwapo, kwa mwandiko wangu, katika safu ya kwanza ambayo nilikuwa nimeacha kuisoma. Kabla ya sevisi nilikuwa nikitia lita 7 kila baada ya siku tisa za kazi. Baada ya sevisi nilikuwa nikitia lita 7 kila baada ya siku tisa za kazi. Njia ilikuwa ile ile, duka lile lile, mtu yule yule. Siku tisa kwa kilomita 35 ni kilomita 315 kabla hata hujahesabu safari ya sokoni, lakini mita ilikuwa ikidai kwamba nimekwenda 266, kisha 259, kisha 245. Petroli haikupotea hata tone. Zilizopotea ni kilomita, karibu 200 katika matangi matatu, nami nilizipita zote kwa makalio yangu bila kuzikosa.

Kesho yake niliitazama mita njia nzima, jambo ambalo nakiri sikuwa na desturi nalo. Mpaka uwanja wa ndege mshale ulisimama vizuri kwenye 60. Nilipokaribia Msabaha ukaanza kutetemeka, ukaanguka kwenye sifuri, ukalala, ukaruka tena. Asubuhi ile mita ilinihesabia kilomita 17 na nusu kasoro tatu. Jioni ilinipunja tano. Na nitasema kweli, kwa kuwa nimeshaanza: mshale ule nilikuwa nimeuona ukicheza tangu wiki ya kwanza, nikajiambia ni mashimo ya barabara.

Mpwa wangu, ambaye ni wa bodaboda, aliinua gurudumu la mbele juu ya kigogo, akachomoa waya wa mita upande wa juu, akanitaka nilizungushe gurudumu kwa mkono. Waya wa ndani ulizunguka, ukasimama, ukazunguka, wakati gurudumu halikusimama hata mara moja. Katika pikipiki kama hizi mita haijui lolote kuhusu injini wala cheni. Hupata habari zake zote kutoka kwa gia ndogo iliyo kwenye gurudumu la mbele, ubavuni mwa breki, ambayo ina masikio mawili yanayopaswa kukaa ndani ya mianya ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukirudisha gurudumu bila kuyalenga masikio hayo, ukakaza nati, unayaponda. Gia hushika inapotaka na kuteleza inapotaka.

Na ni nani aliyelitoa gurudumu la mbele ili kutia brekishu mpya?

Nilirudi gerejini nikiwa na hasira ambayo sasa ilikuwa na ushahidi, lakini pia ilikuwa na haya ndani yake, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko hasira tupu. Fundi alifungua gurudumu bila neno. Sikio moja la gia lilikuwa limekunjwa, la pili limelika. Aliligeuza geuza kiganjani muda mrefu. Nilingoja aseme samahani. Alisema, "Nilikwambia hii haili mafuta."

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisikiliza injini kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa akasema ukweli, nami kwa kalamu na siku ishirini na saba za kazi nilisema uongo. Lakini uongo wangu aliuzaa yeye kwa mkono wake, na kama angeinama siku ile badala ya kunifanya kichekesho kwa vijana, angeuona mshale umelala kabla sijatoka uani. Tena si daftari la mafuta tu lililoharibika. Oili yangu hubadilishwa kwa kufuata mita hiyo hiyo, kila kilomita 2,000, na ningeifuata kwa uaminifu huku injini imekwenda mia kadhaa zaidi kwa oili iliyochoka. Si maafa, najua, na wenzangu wengi hukaa na oili mpaka iwe lami, lakini mimi si wao.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mumpelekee pikipiki zenu, jibu langu limebadilika mara tatu nikiandika haya. Injini mpelekeeni, sijaona mkono kama wake kwa tapeti na cheni. Gurudumu la mbele akilishika, simameni juu ya kichwa chake, mtazame masikio ya gia yameingia, na kabla hamjalipa lizungusheni mwone mshale unaamka. Heshima msiitarajie. Na wale watano niliowazuia, nimekwisha waambia wawili kwamba nilizidisha, watatu bado.

Gia mpya nililipia mwenyewe, kwa kuwa mke wangu alisema ni aibu kugombania kitu kidogo vile. Tangi la kwanza baada yake limenipa 45 na nusu. Ufundi wa kuitia fundi alinidai pia, bila kupepesa macho, nikamwambia nitaleta. Ni majuma kadhaa sasa. Kila asubuhi nikipita mbele ya gereji yake hunipungia mkono, nami humpungia, na hela sijampelekea.