Kozi ya uongozi ya Jumamosi: maoni ya inchaji wa wodi

Mimi ni inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya watoto kwenye hospitali ya mkoa, na kozi hii nimeilipia mwenyewe: Sh 280,000, pamoja na kitini, chai na chakula cha mchana. Ilikuwa ya siku za Jumamosi tu, saa tatu asubuhi hadi saa kumi, kwenye ukumbi wa kukodi. Jina la waendeshaji naliacha, maana kozi za namna hii zimejaa mjini na nyingi zinafanana mpaka kitini. Ila wenzangu kazini wananiuliza kila siku kama inafaa, basi nieleze.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Inchaji haajiri, hafukuzi, wala hana fungu la posho. Hata nikijaza tathmini kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, cheo na mshahara wa mtu vinaamuliwa mbali na wodi yangu. Mkononi nina rosta. Nani aingie asubuhi, nani usiku, nani apumzike Idi, nani Krismasi, basi. Na kwenye hiyo rosta wamo wanaojitolea, vijana waliomaliza chuo wanasubiri ajira, ambao kesho wakiamua kubaki nyumbani sina cha kuwafanya. Nilitaka mtu anifundishe kuongoza watu ambao siwezi kuwalipa wala kuwatisha.

Jumamosi ya kwanza sikumpata. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu aliyetokea benki, na asubuhi nzima iliishia kwenye tofauti ya meneja na kiongozi, na picha za simba na tai ukutani. Alizungumza sana kuhusu bonasi. Mwalimu mmoja akamuuliza amfanyeje mtu hodari ambaye hana cha kumpa, akajibiwa ampe changamoto mpya. Ukumbi mzima ulicheka, mwezeshaji akadhani tumefurahi. Kama mngeniuliza jioni ile ningewaambia mkanunue kitenge na hela zenu.

Aliyeiokoa kozi ni mama mmoja mstaafu aliyewahi kusimamia zamu kiwandani. Hakuwasha projekta. Alianza na utafiti wa Kurt Lewin na wenzake uliochapishwa mwaka 1939 kule Marekani, wa wavulana wa umri wa miaka 10 hivi waliowekwa kwenye vikundi vya kazi za mikono. Vikundi vikapewa viongozi wa namna tofauti kwa zamu: kiongozi wa amri, kiongozi anayepanga pamoja nao, na kiongozi anayewaacha tu. Wale wa kiongozi wa amri walichapa kazi, lakini akitoka chumbani kazi inalala. Wale waliopanga pamoja na kiongozi wao waliendelea hata asipokuwepo. Kisha akatutazama mmoja mmoja na kuuliza, "Nyie mkitoka, nani anabaki?"

Kwangu swali hilo lina jibu la wazi: usiku. Saa nane za usiku mimi niko kwangu nimelala, na wodini wapo wawili, watatu wakibahatika, na dripu za watoto zinazotaka macho. Uongozi wangu, kama upo, unatakiwa uonekane saa hizo.

Baada ya chai alitupeleka kwa Hersey na Blanchard, wale Wamarekani waliosema mwaka 1969 kwamba hakuna mtindo mmoja wa kuongoza unaofaa kila mahali. Kuna kuelekeza hatua kwa hatua, kuna kuelekeza huku ukieleza sababu, kuna kumsikiliza na kumtia moyo, na kuna kumwachia mtu kazi yake. Nadharia yenyewe imebishiwa sana na watafiti, na yule mama alitueleza hivyo bila kuficha, jambo lililomwongezea heshima machoni pangu. Alichosisitiza ni kwamba unapima mtu kwa kazi moja moja. Mtu huyo huyo anaweza kuwa fundi hapa na mwanafunzi pale.

Hilo nililipeleka wodini Jumatatu yake. Nina binti anayejitolea, mkono wake kwenye kanula ni wa ajabu, mishipa ya kichanga anaipata gizani. Na kompyuta anaijua. Kwenye kupiga hesabu ya dozi bado ana haraka. Nina pia mama mwenye miaka mingi kazini, dozi zote za watoto anazo kichwani, ila mfumo wa kuingiza taarifa za wagonjwa unamtoa jasho. Nikawapanga zamu moja, nikawaambia kila mmoja anamsimamia mwenzake kwenye lile analolijua. Siku hiyo nimesimama kwenye troli ya dawa nasikia: "Mwanangu, hii miligramu 135 ya paracetamol umeipataje?" Binti akajibu, "Kilo 9 mara miligramu 15 kwa kila kilo, Mama." "Sawa. Hizo kilo 9 umempima leo, au umenakili za siku aliyolazwa?" Kimya. Mtoto akapelekwa kwenye mizani. Dakika kumi baadaye wako kwenye kompyuta, zamu imegeuka: "Mama, usibonyeze hapo, hifadhi kwanza." Mimi sikuwa nimetia neno.

Rosta nayo niliifungua. Naweka karatasi tupu yenye masharti machache: kila zamu lazima awepo anayeweza kumsaidia mtoto aliyeacha kupumua, na hakuna kutoka usiku ukaunganisha asubuhi. Mengine wapangane wenyewe. Mwanzoni palikuwa na kelele, wawili hawakusalimiana wiki nzima. Siku hizi Waislamu na Wakristo wanabadilishana sikukuu bila kunipigia simu, na zile simu za usiku za "Sista, fulani hajaja" zimepungua kweli.

Ila hapa ndipo kozi ilipoishia njiani. Metroni wetu, mkuu wa wauguzi, hakupenda rosta iliyoandikwa kwa miandiko mitano. Kwake rosta inapangwa na inchaji, inasainiwa na inchaji. Ilibidi nijitafutie mwenyewe namna ya kumwendea, na mpaka sasa naichapa upya kwa jina langu ili amani iwepo. Namna ya kuongea na aliye juu yako, kwa heshima na bila kurudi nyuma, haikugusiwa hata dakika moja. Sisi wa ngazi ya kati ndiko tunakoumia.

Kitini nacho kinakera. Kurasa nzima za makampuni ya ng'ambo, wala mstari kuhusu huku kwetu. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na alikuwa akitusimulia Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ibara ya 15, iliyowakataza viongozi ujeuri na kudharau watu walio chini yao. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo na kuwakabili mameneja nayo, mpaka migomo ikatokea. Kwa darasa la uongozi kazini hapa Tanzania, ukiacha hilo umeacha nyama mezani. Nilimwambia mama mwezeshaji, akacheka, akasema kitini hakuandika yeye.

Mengineyo: pilau lilikuwa la kutosha, spika zilikuwa zinakoroma, na darasa lilijaa mno kwa mazoezi ya vikundi. Cheti ni kizuri, kina muhuri wa dhahabu. Lakini wauguzi wenzangu, kwenye pointi za kuhuisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga hakihesabiki, kwa hiyo ulizeni kabla ya kutoa hela. Ulizeni pia kama wanapokea malipo ya siku moja moja. Mimi ningelipia Jumamosi ya yule mama peke yake, na ningekaa nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, ndiko feni inakofika.