Tuisheni ya Kiswahili Mwanga, Kigoma: koma wanafundisha kweli, ila makopi yao mh

Kama uko Kigoma mjini na una mtoto wa la tatu au la nne, hii tuisheni ya jioni huku Mwanga (jina silitaji, wa mtaani wanaijua) mi nimeipenda kwa kitu kimoja tu, koma. Shuleni mtoto anaambiwa weka koma pale unapopumua, basi imeisha hiyo, sasa mtoto anayesoma kwa kusitasita si anapumua kila baada ya neno, ndo unakuta "Baba, anaenda Ujiji" kwenye daftari, wakati hapo koma haina kazi kabisa, anayeenda ni huyohuyo baba unamtenga na safari yake ya nini?

Hapa mwalimu anaandika ubaoni "Mwalimu Juma hayupo", anauliza nani hayupo, wanajibu mwalimu. Anatia koma baada ya Mwalimu wanasoma tena, ghafla mwalimu yupo, ameambiwa tu kuwa mtoro ni Juma 😂 Halafu wanaigiza, huyu anaita yule anaitika, hivyo mtoto anashika kwamba koma inamtenga anayeitwa na yule anayesemwa. Siku ya "sitaki uondoke" na "sitaki, uondoke" we acha tu, maneno ni yaleyale ila huku unabembelezwa ubaki na huku unafukuzwa, darasa zima likawa linafukuzana mpaka nje.

Orodha wanafanyia vitu vya mwaloni Kibirizi, dagaa, migebuka, mawese na muhogo, cha mwisho kinapata "na" bila koma. Hilo walielewa haraka.

Sasa makopi jamani. Yamefifia hadi koma na nukta zote ni vidoti tu, halafu zoezi linasema rekebisha alama za uandishi, mtoto atarekebisha nini hapo? Nimewaambia wakasema mashine, haya. Na imla wanaifanya kidogo sana wakati la nne wana upimaji wa NECTA, ningependa waongeze, mtoto azoee kuisikia koma kwenye sauti ya msomaji bila kutajiwa.

Bei buku kwa kipindi, siyo mbaya. Jumamosi wahi maana wanajaa, na mtoto akikaa mabenchi ya nyuma koma ya ubaoni haioni.