Pompi ya ABS ya okazyo: pima kwanza, lipa baadaye

Jambo yenu wote, karibuni mezani. Mbele ya kamera kuna kitu ambacho madereva wengi hapa Lubumbashi wanakikimbilia mara tu taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kuganda ukikanyaga freni, inapowaka kwenye tablo: pompi ya ABS ya okazyo, yaani iliyokwishatumika. Hii imetolewa kwenye Toyota, ABS ya kawaida, haina VSC, ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Nitawaonyesha jinsi ya kuipima kabla hamjatoa dola zenu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: pompi ni piesi (kipuri) ya mwisho kununua. Ukifika kwa muuzaji kabla hujapima umeme unaoilisha ile ya zamani, unaweza kurudi na pompi nzima, ukaifunga vizuri, na taa ikabaki palepale.

Tuitazame. Hili duara jeusi ndilo mota, mota ya volti 12 yenye sharbo ndani, zile kaboni mbili zinazogusa rota. Katikati ni bloku ya alumini yenye matundu sita ya paipu: mawili yanatoka kwenye silinda kuu ya freni, manne yanakwenda magurudumuni. Upande huu wa plastiki ni kompyuta, na chini yake kuna koili nane za valvu, mbili kwa kila gurudumu. Gurudumu likitaka kuganda, valvu moja inafunga njia ya mafuta ya freni, ya pili inaachia shinikizo, na mota inasukuma pistoni mbili ndogo kuyarudisha mafuta yaliyoachiwa upande wa silinda kuu. Ule mtetemo unaousikia mguuni unatoka hapo. Mota ikigoma, hakuna kinachoyarudisha mafuta, kwa hiyo kompyuta inazima ABS yote.

Taa ya manjano, ile ya ABS, peke yake: freni za kawaida bado unazo. Taa ya manjano pamoja na ile nyekundu ya freni: simama. Angalia kiwango cha mafuta ya freni, na ujue kwamba hata mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umezimwa. Magurudumu ya nyuma yanaweza kuganda kabla ya ya mbele na gari likageuka. Kwenye lami iliyolowa ya barabara ya Kasumbalesa, katikati ya malori, hilo si la kujaribu.

Sasa, kusoma hitilafu. Kile kiadapta kidogo cha ELM327 cha kuchomeka kwenye soketi ya gari, ukikitumia na programu ya kawaida ya simu, kinasoma injini. Kikikwambia hakuna hitilafu, hakijakwambia lolote kuhusu ABS, maana kwenye skana namba za ABS kwa kawaida zinaanza na C na zinakaa kwenye kompyuta nyingine. Skana ya kweli iwe na ukurasa wa ABS, na iwe na uwezo wa kuamuru mota izunguke. Bila uwezo huo wa kuamuru, usiilipie bei ya skana kubwa.

Huna skana? Kwenye Toyota nyingi kipande cha waya kinatosha. Zima kontakti (swichi ya ufunguo). Kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, unganisha tundu la 4 na la 13. Upande mpana ukiwa juu, la 4 ni la nne kutoka kushoto katika mstari wa juu, la 13 ni la tano katika mstari wa chini. Angalia mara mbili kama soketi haikufungwa kichwa chini, kwa sababu tundu la 16 lina moto wa batri (umeme chanya) muda wote. Ukiligusisha na masi, yaani upande hasi ulioungwa na bodi, unaunguza fyuzi. Kisha weka kontakti bila kuwasha injini, uhesabu taa ya ABS inavyopepesa: makumi kwanza, kituo kidogo, halafu mamoja.

51 ni mota yenyewe imekwama, au masi yake imekatika. 13 na 14 ni saketi ya rilei (swichi ya umeme) ya mota. 11 na 12 ni rilei ya valvu. 31 hadi 34 ni vihisi vya magurudumu, na hapo pompi haihusiki, achana nayo kabisa. 41 ni volti ndogo ya batri. Kufuta, acha waya palepale, kontakti ikiwa imewekwa, ukanyage pedali ya freni mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5.

Ukishafuta, toa waya, washa gari, tembea polepole na redio ikiwa imezimwa. Toyota nyingi zinajipima zinapovuka kama kilomita 6 kwa saa: kompyuta inaipa mota umeme kwa muda mfupi sana, na unasikia mguno mmoja mbele. Mguno ukisikika na taa ikabaki imezimika, mota siku hiyo imejibu. Usiposikika na taa ikawaka hapohapo, tunaendelea na umeme.

Hapa tutulie, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Fyuzi za ABS kwa kawaida ni mbili, kubwa, kwenye kisanduku cha chini ya boneti: ya mota mara nyingi ni ampea 40 au 50, ya valvu 25 au 30. Usizitazame tu kwa macho, zipime. Chomoa soketi ya pompi baada ya kutoa waya hasi wa batri, halafu rudisha batri na upime kati ya pini nene ya moto na pini nene ya masi. Multimeta, kile kipima umeme, itakuonyesha volti 12.6. Wengi wanaishia hapo, wanasema umeme upo, pompi imekufa. Sivyo. Multimeta karibu haivuti umeme wowote. Waya uliooza mpaka ukabaki uzi mmoja utaionyesha 12.6 bila shida, lakini mota ikidai ampea zake, volti zinaporomoka.

Kwa hiyo mpe waya kazi. Chukua balbu ya taa kubwa, H4 ya wati 60 na 55, unganisha nyuzi zote mbili kwa pamoja. Zinakula karibu ampea 9 au 10. Ziwashe kupitia zile pini mbili za soketi, na wakati balbu inawaka pima upya. Kati ya nguzo chanya ya batri na pini ya moto, tofauti isizidi nusu volti. Kati ya pini ya masi na nguzo hasi ya batri, ikizidi 0.2 nenda kafungue ile bolti ya masi kwenye bodi, sugua mpaka chuma king'ae, kaza tena. Tazama pini hii, nasogeza kamera: ina unga wa kijani shingoni. Unga huu unatoka kwenye maji, na maji mengi yanaingizwa na mashine ya presha wakati wa kuosha injini. Vumbi letu jekundu la kiangazi linakaa kwenye soketi, mvua za Novemba zikianza linageuka tope linaloshika unyevu. Funika soketi hiyo kwa plastiki kabla ya kuosha, au usiioshe kabisa.

Batri nayo isisahaulike: gari likiwa limezimwa 12.6, likiwaka kati ya 13.8 na 14.4. Batri chovu inashuka sana wakati wa kupiga staa, na kompyuta ya ABS inaweza kuandika hitilafu isiyokuwepo.

Umeme ukiwa mzima, ni zamu ya mota. Kama mota ina soketi yake ya waya mbili, ni rahisi. Kama imeunganishwa moja kwa moja na kompyuta kama hii, fungua skrubu za kompyuta, mara nyingi ni Torx, zenye tundu la nyota, uitoe wima bila kuipindisha. Pini za mota zinatokea katikati ya bloku. Usitumie bisibisi kuibandua, plastiki inavunjika. Pima upinzani: gusanisha kwanza nyaya za multimeta zenyewe, soma, kisha utoe kiasi hicho. Mota nzima huwa chini ya omu 1. Ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, sharbo haigusi.

Halafu mpe moto. Waya wa milimita 4 mraba, fyuzi ya 30 katikati, sekunde moja, usizidi mbili. Sikilizeni hii... Imeondoka mara moja, sauti moja, laini. Hiyo ni mota nzuri. Ikikaa kimya, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi huku umeme upo. Ikiamka, sharbo zimekwama, na hata ikiamka usiiamini, itakwama tena siku unayoihitaji. Ikitoa cheche kubwa na fyuzi ikakatika, imeganda au ina shoti ndani.

Kwa nini zinaganda? Mota hii inafanya kazi dakika chache sana katika maisha ya gari, kwa hiyo kuchakaa si sababu ya kwanza. Sababu ni mafuta. Sili ya pistoni ikichoka, mafuta ya freni yanavuja kuingia kwenye mota, yanaloanisha sharbo. Na mafuta ya freni yanavuta unyevu wa hewa: DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 155. Maji hayohayo yanaleta kutu kwenye pistoni na valvu. Badilisha kila miaka miwili, na chupa iliyofunguliwa miezi iliyopita usiimimine.

Mota ikizunguka vizuri na umeme ukiwa mzima, mara nyingi mgonjwa ni kompyuta. Kwenye Volkswagen na Audi zenye Bosch 5.3 au 5.7, hitilafu 01276 inataja pompi, lakini mara nyingi kilichokatika ni kiunganishi kidogo ndani ya kompyuta. Fundi wa elektroniki anaweza kukirudisha bila kugusa paipu hata moja, na hiyo naipendelea kuliko okazyo.

Basi, ukihitaji kweli kununua. Dai muuzaji akupe batri hapohapo, piga mota sekunde moja. Angalia matundu sita: yawe na vifuniko. Tundu lililokaa wazi sokoni limeingiza vumbi, na vumbi kwenye valvu halitoki. Hii yangu ina vifuniko vitano; hili la sita limekaa wazi, na kwa sababu hiyo peke yake nisingeifunga kwenye gari la mtu, ingawa mota yake ni nzuri. Pitisha kidole kwenye mshono kati ya mota na bloku: kikitoka na mafuta, iache. Soma lebo: namba ya bloku, kwenye Toyota mara nyingi inaanza na 44510 au 44050, ifanane yote na ya gari lako, si soketi tu. Hapa kwetu magari ya usukani wa kulia na ya kushoto yanatembea pamoja, na bloku mbili zinazofanana machoni zinaweza kuwa na mpangilio tofauti wa paipu au programu ya injini nyingine.

Kuifunga: weka alama kila paipu, tumia spana ya paipu ya 10, andaa lita moja ya mafuta ya freni, usiache tanki lake likauke. Toa hewa kwa kawaida, kisha kwa skana inayozungusha pompi, kisha kwa kawaida tena. Kama gari lina VSC, kihisi cha mzunguko kinahitaji kuwekwa sifuri upya. Volkswagen inahitaji kompyuta iandikiwe namba ya mpangilio (coding) ya gari hilo.

Mkipima, andikeni hapo chini aina ya gari, namba ya hitilafu, na volti mlizozipata balbu ikiwa inawaka. Bila hizo za balbu siwezi kuwaambia mnunue pompi.