Mhasibu wa uchunguzi katika mgogoro na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani: anafaa, akiajiriwa mapema

Mlipakodi wa Marekani anayedai kwamba fedha alizonunulia nyumba zilikuwa kwenye sefu tangu zamani anahitaji mhasibu wa uchunguzi kuliko anavyohitaji mashahidi kumi wa ukoo. Huduma hii tunaipa alama ya juu, kwa sharti moja: mhasibu aajiriwe na wakili. Tangu hukumu ya mahakama ya Marekani katika kesi ya Kovel, 1961, mhasibu anayemsaidia wakili kuelewa hesabu za mteja anaweza kufunikwa na siri ya wakili na mteja. Mhasibu aliyemjazia mteja fomu za kodi za kila mwaka hana kinga hiyo shauri likigeuka jinai, kwa hiyo hatumpendekezi hata akiwa nafuu.

Uzito wote uko kwenye salio la mwanzo, yaani mali na taslimu ambayo mtu alikuwa nayo kipindi kinachochunguzwa kilipoanza. IRS hupima mali ya mtu ilivyoongezeka, hujumlisha matumizi yake, na pengo lisiloelezeka huliita mapato yaliyofichwa. Katika kesi ya Holland ya 1954, mali iliongezeka kwa takriban dola 113,000 kwa miaka mitatu, huku mapato yaliyotangazwa yakiwa takriban 31,000. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali mbinu hiyo, ila ikaitaka serikali ifuatilie vidokezo vinavyoweza kukaguliwa. Kusema tu kwamba fedha zilikuwa chini ya godoro hakumpi mkaguzi pa kuanzia. Taja chanzo, mwaka, kiasi, mahali na aliyeziona.

Mhasibu hodari hurudi nyuma miaka mingi na kuandaa jedwali la vyanzo na matumizi: mishahara, urithi na mauzo ya mali upande mmoja, pango, chakula, karo na matibabu upande wa pili. Tofauti ndiyo kiwango cha juu ambacho mtu angeweza kuweka. Madai mengi huvunjika hapa. Aliyekuwa akilipa riba ya kadi ya mkopo huku ana maelfu ndani, au aliyeomba mkopo bila kutaja taslimu hiyo, atabanwa. Mhasibu asiyeomba fomu za mikopo na nyaraka za talaka hastahili ada yake. Upande wa pili utazitafuta.

Noti nazo ni ushahidi. Zipigwe picha na matoleo yaorodheshwe mbele ya shahidi kabla hazijapelekwa benki. Noti ya dola 100 yenye utepe wa bluu ilianza kutolewa Oktoba 2013, hivyo haiwezi kuwa akiba ya 2005. Kuweka benki zaidi ya dola 10,000 taslimu huzaa tu ripoti ya benki kwa serikali. Kuzigawa kusudi ili kuikwepa ripoti hiyo ndiyo jinai.

Ambacho huduma hii haiwezi kutibu ni kauli ya kwanza. Wakaguzi huuliza mapema mtu ana taslimu kiasi gani, na aliyejibu 5,000 kisha akadai 150,000 atakuwa ameharibu hata jedwali safi. Kusubiri notisi ya upungufu wa kodi, barua rasmi ya IRS inayosema unadaiwa zaidi, ni kuchelewa: kwa kawaida inabaki siku 90 tu kufungua shauri Mahakama ya Kodi, na kukusanya nyaraka za miaka mingi hakuenei humo.