Pushi stati au funguo ya kuzungusha, kwa Dar hii mi nachukua ipi

Watu wakienda yadi kuangalia gari wanauliza kilomita, wanauliza ya mwaka gani, wanafungua boneti wanachungulia weee, ila husikii mtu anauliza funguo ziko ngapi. Kama gari ni la pushi stati hilo ndo swali langu la kwanza kabla hata sijakaa kwenye siti. Nyumbani zipo mbili, IST ya zamani ya kuchomeka na kuzungusha na Mark X ya kubonyeza batani, zote naziendesha, kwa hiyo utamu naujua na kero nazijua.

Utamu upo, tusidanganyane. Umetoka Kariakoo mikono yote ina mifuko, mvua ya masika inakutwanga, unagusa kitasa tu mlango huo, rimoti iko mfukoni hata hujaitafuta. Gari linarusha mawimbi ya karibu pale mlangoni, rimoti ikiyapata inajibu kwa siri yake, wakielewana loki inaachia. Kwa Toyota nyingi lazima uwe ndani ya sentimita 70 hivi kutoka kwenye kitasa, ukisimama ng'ambo ya barabara haikujui. Af ile kesi ya kujifungia funguo ndani inapungua sana, maana ukisahau rimoti ndani ukataka kufunga kwa nje gari linapiga kelele na linagoma. IST yangu haina huruma hiyo, ukiacha funguo kwenye siti ukabana loki ukafunga mlango ndo basi, unaita fundi aje na waya wake na nusu ya mtaa inakuja kutoa ushauri.

Sasa kero. Kabetri kenyewe ni ka bei ndogo, kale kaduara, CR2032 au CR1632 inategemea na rimoti yako, hata kwa fundi saa unakapata. Kakianza kuchoka dalili unaziona, unabonyeza mara mbili tatu ndo mlango usikie, ila nani anajali, mtu anaenda nayo hivyohivyo mpaka siku yuko Mlimani City usiku gari limekuwa jiwe, anaanza kupiga simu za brekidauni. Hakuna haja bana. Kwenye ubavu wa rimoti kuna kakitu ka kusukuma, ukikasukuma inachomoka funguo ndogo ya chuma, unafungulia mlango wa dereva. Ukishaingia unakanyaga breki, unaigusisha rimoti kwenye batani ya kuwashia, ule upande wenye nembo ya Toyota, ikilia unabonyeza ndani ya sekunde 10, gari linawaka na betri imekufa vilevile. Gari nyingine za zamani kidogo zina kitundu kabisa cha kuchomeka rimoti. Fanya zoezi nyumbani mchana, usisubiri giza. Na usiilaze rimoti juu ya tivii au kwenye simu, betri inaisha haraka.

Kero ambayo inanikera zaidi ni hii ya gari la watu wawili. Shemeji yangu alikuwa na mkewe wanatoka mjini, akashuka Posta ana mambo yake, mke akakamata usukani kuelekea Kigamboni. Gari likiwa linawaka halizimiki eti kwa sababu rimoti imeshuka, linalia pi pi pi na taa ndogo inawaka kwenye dashibodi, na mama wa watu redio iko juu hakusikia kitu. Kafika Magogoni foleni ya pantoni imesimama, kazima gari kuokoa mafuta. Foleni ikaanza kusogea, anabonyeza, wapi. Rimoti iko Posta kwenye mfuko wa suruali ya mume, nyuma honi kama zote. Ilibidi bodaboda aikimbize. Kwa funguo ya kuzungusha kitu kama hiki hakitokei, funguo ipo kwenye swichi, anayeendesha ndo anayo.

Halafu tuje kwenye pesa, hapa ndo pazito. Gari nyingi za mtumba kutoka Japani zinashuka bandarini na rimoti moja tu. Ukiwa nayo moja inafanya kazi, kuongeza ya pili siyo kazi kubwa kwa fundi mwenye mashine. Ukipoteza hiyo moja ndo utajua hujui, maana gari halina rimoti linayoijua ya kumtambulisha mgeni, kwa Toyota kadhaa mpaka kiboksi cha kompyuta ya funguo kichomolewe kikafutwe, na hapo hesabu inaanza kwa malaki. Na usikimbilie kununua rimoti mtandaoni kwa sababu sura inafanana. Za soko la Japani zinarusha mawimbi ya megahezi 312 mpaka 315 hivi, za Ulaya nyingi ni 433, unaweza kuletewa kitu kizuri kinang'aa na gari lisikitambue milele. Rimoti ya Toyota iliyotumika kwenye gari jingine nayo haikubali hivihivi, mpaka isafishwe kumbukumbu kwanza. Funguo ya chuma isiyo na chipu wanachonga barabarani wewe ukiwa umesimama, unalipa hela ya msosi unaondoka.

Ila urahisi huohuo ndo ugonjwa wake. Ukimwachia dogo anayeosha gari funguo, akitaka kuchonga nyingine anachonga. Na swichi ikilika na uzee utashangaa inavyozunguka na kitu chochote bapa. Kwa hiyo wanaosema funguo ya zamani ni salama zaidi mi siwaelewi, labda kama ina chipu ndani ya plastiki, hapo sawa, maana bila chipu injini inagoma hata chuma kikifanana.

Pushi stati nayo ina wezi wake. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH kule Zurich walijaribu gari 10 za makampuni 8, zote zikafunguka na kuwaka kwa kurefusha tu yale mawimbi, mmoja anasimama karibu na mwenye rimoti, mwingine karibu na gari, gari linadhani bosi kafika. Ndo maana kuna watu wanalaza rimoti kwenye kopo la bati, mawimbi yasiifikie. Mi naona kwa hapa mjini kibaka bado anataka saiti mira na taa zako, na hiyo hakuna funguo ya aina yoyote inayokusaidia.

Na maji je? Funguo ya IST imefuliwa kwenye jinzi, imetoka inang'aa. Rimoti usijaribu.

Mi nikiambiwa nichague, nachukua ya katikati: funguo ya kuzungusha yenye chipu na vibatani vya kufunga na kufungua kwa mbali. Betri ikifa unapoteza vibatani tu, gari linawaka kama kawaida, na mkimpa mtu gari mmempa na funguo. Pushi stati naikubali kama gari ni la mtu mmoja na rimoti zipo mbili. Dalali akikwambia ya pili ataileta wiki ijayo, mwambie sawa, af kata hela ya rimoti kwenye bei hapohapo kabla hujasaini. Na kama zipo zote mbili, mpe mwenzio moja aende nayo mbali kabisa na gari, washa kwa iliyobaki, zima, kisha mbadilishane uwashe kwa ile ya pili, maana nyingine ni ganda tupu.