TAHADHARI: Mitungi ya "SF6" inayouzwa Lubumbashi imejaa azoti (naitrojeni)

Ndugu mafundi wa umeme wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: kuna muuzaji anayepita kwenye karakana za komini za Kampemba na Kenya, hapa Lubumbashi, na mitungi ya SF6, gesi ya kuhami umeme (kuuzuia usiruke) ndani ya disjonkta, yaani swichi kubwa ya kukata umeme. Rangi mpya, cheti chenye muhuri, bei dola 300 chini ya wengine. Nilinunua mmoja. Ninyi msinunue.

Tuliijaza disjonkta ya kilovolti 15, sindano ya manometa ikatulia kwenye kijani. Siku ya majaribio, kabla hatujafikia volti inayotakiwa, tukasikia "pa!" ndani ya chumba cha gesi. Umeme umeruka. Namshukuru Mungu ilikuwa bado haijaungwa kwenye laini, maana kijana wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale.

Manometa haikuharibika. Yenyewe inapima mgandamizo tu. Gesi gani imo ndani, haijui. SF6 hunasa elektroni zinazozurura kabla hazijazaana na kufungua njia ya cheche, ndiyo maana inahimili volti mara 2.5 hadi 3 kuliko hewa. Azoti hainasi kitu. Tulipoazima kipima usafi wa gesi kikasoma SF6 asilimia 13, wakati gesi mpya inatakiwa isipungue 98.5.

Nilipompigia simu muuzaji, akanijibu kwamba hata Ulaya wanachanganya. Ni kweli, wanachanganya: SF6 asilimia 20 ndani ya azoti bado hubakiza karibu asilimia 70 ya nguvu ya kuhami. Lakini vifaa hivyo vilisanifiwa kwa mchanganyiko huo, na mgandamizo wake ukapangwa hivyo. Disjonkta yangu ilisanifiwa kwa SF6 tupu, na zaidi ya kuhami inatakiwa izime moto wa kontakti zinapoachana. Kumuuzia mtu mchanganyiko bila kumwambia ni kumtafutia kifo.

Mtungi wake ungenifichulia yote pale pale mlangoni kama ningeleta mizani. SF6 hukaa mtungini ikiwa kimiminika. Mtungi wa lita 40 hubeba karibu kilo 40 za gesi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni, toa tu. Wangu ulikuwa na kilo 4 na kidogo! Tena mgandamizo wake ulisoma bar 60, wakati SF6 kwenye nyuzi 20 husoma kama bar 21, na hata joto letu la Oktoba haliwezi kuifikisha 60.

Aliyekwisha kujaza, asiwashe kifaa hicho. Wala asiifungulie gesi hewani: hiyo SF6 kidogo iliyomo hupasha dunia joto mara zaidi ya 23,000 kuliko kaboni dioksidi, na ni nzito, hujikusanya kwenye mashimo ya kebo na kumkosesha mtu pumzi. Ukikuta unga mweupe ndani, usiuguse bila glavu na barakoa, ni sumu iliyoachwa na cheche.

Mtungi bado ninao karakanani. Mwenye kutaka kuuona na kuupima, aniandikie hapa.